Mtu wa Kunyamaza

Ziwa lilikuwa limefungwa. Serikali imeamua samaki wapumzike, na kwa hiyo mitumbwi ya Ujiji imepinduliwa mchangani, nyavu zimekunjwa, na wanaume ambao siku za kawaida mchana huwa wamelala wakingoja kwenda ziwani usiku, sasa wako macho, hawana kazi, na kila mmoja ana maoni. Ndiyo maana benchi la Bi Mwamini lilikuwa linajaa mapema. Ni ubao wa mtumbwi wa zamani uliolazwa juu ya matofali, umeegemea ukuta wa duka la nyavu ambalo nalo lilikuwa halifunguliwi. Bi Mwamini alikaa kwenye kigoda upande wa kivuli, jiko la mkaa mbele yake, dele la kahawa juu ya jiko, na sahani ya kashata za karanga imefunikwa kitambaa. Haruna, dereva wa bajaji, aliitwa Wakili, kwa sababu aliwahi kuwa shahidi kwenye kesi ya kiwanja iliyorefuka hadi akayajua maneno yote ya mahakamani. Mwinshehe, mvuvi, walimwita Redio, na hakuna aliyewahi kuuliza sababu. Thobias wa Mwandiga, aliyekuwa akipakia mizigo bandarini, alikuwa Waziri, maana kila jambo alilijibu kana kwamba serikali nzima imemtuma. Wa nne, Bonifasi, mpima ardhi mstaafu na mtu wa maneno machache, alikuwa Mpima tu.

Mpima alikuwa na nafasi yake mwisho wa benchi. Hakuichagua. Mkewe Honorata alipofariki, alijifungia nyumbani, watu wakaenda kumpa pole, wakaondoka, naye akafunga geti. Haruna akaanza kusimamisha bajaji mbele ya geti hilo kila alasiri na kupiga honi, akidai anangoja abiria. Siku Bonifasi alipotoka kumwomba aache kelele, ndiyo siku aliyopakiwa akaletwa kahawani. Hakuwahi kuwashukuru kwa maneno, na wao hawakuwahi kuonyesha kwamba kuna cha kushukuriwa. Walisogea tu, akapata mahali pa kukaa.

Siku hiyo ajenda ilikuwa moja. Juu ya mlima, kando ya barabara ya kwenda mjini, kuna makao ya watoto ya serikali, ambako Honorata alikuwa mama mlezi mpaka alipougua. Uongozi wa makao ulikuwa umepanga kuwahamishia wasichana wakubwa mkoa mwingine mwezi wa nane, ili bweni lao wapewe watoto wadogo. Mmoja wa wasichana hao ni Melania, yuko kidato cha nne, na mtihani wake wa taifa ni Novemba. Mdogo wake, Martini, mwenye miaka tisa, angebaki. Alhamisi kutakuwa na kikao na afisa ustawi wa jamii, na Melania ameruhusiwa kwenda na mtu mzima mmoja anayemwamini. Alikuwa amemtuma mpwa wa Bi Mwamini, anayesoma naye darasa moja, aulize kama benchini kuna mtu wa aina hiyo. Leo angepita mwenyewe akitoka shule.

Watu wa aina hiyo walikuwa wengi kupita kiasi.

— Nani amelifunga ziwa? alianza Redio.

— Serikali, alijibu Waziri, kwa niaba yake.

— Kwa nini?

— Dagaa wazaliane, wakue.

— Basi. Dagaa ana haki ya kukaa kwake miezi mitatu bila kubughudhiwa na mtu yeyote, na ukimgusa unakamatwa. Melania anaomba akae mpaka Novemba. Kati yake na dagaa, nani raia?

Wakili alikubali kwamba hoja ni tamu, ila alisema haina miguu ya kisheria. Yeye angeanza kwa kuomba zuio. Wakikataa zuio, angekata rufaa. Wakikataa rufaa, kuna Mahakama ya Afrika pale Arusha, na majaji wake, kwa jinsi alivyosikia, ni watu wa kusikiliza sana. Alikuwa ameshafika Arusha kabla kikombe chake hakijapoa.

Waziri alikuwa anawasikiliza kwa huruma ya mtu anayejua siri. Watoto wadogo ni kisingizio, alisema. Bweni linatakiwa liwe ofisi. Alipomaliza kikombe cha kwanza, ofisi ilikuwa imegeuka hoteli ya watalii, ile yenye madirisha ya kutazama ziwa. Kwenye kikombe cha pili, hoteli ilivunjwa kwa sababu reli mpya ingepita pale pale, chini ya vitanda vya wasichana, na watu wenye vyombo wameshakuja alfajiri kupima.

— Reli haiwezi kupita pale, alisema Bonifasi. Mlima una mteremko mkali.

— Jamani, Mpima kasema, alisema Redio. Mwaka huu mvua zitawahi.

— Hivyo ndivyo wanavyotaka uamini, Mpima, Waziri alimjibu kwa upole. Mteremko.

Bonifasi hakuwacheka, kwa kuwa naye alikuwa amejiandaa kuliko wote. Tangu Jumapili alikuwa amekaa kwenye kiti cha dirishani akisoma Sheria ya Mtoto toka mwanzo hadi mwisho, akarudia, akapanga hoja zake kama alivyokuwa akipanga mawe ya mipaka: kwanza haki ya mtoto kusikilizwa katika uamuzi unaomhusu, kisha undugu, kisha mtihani. Alijua ipi itangulie na ipi iachwe mpaka waulize. Hakuna kitu alichokuwa amekitaka namna ile tangu siku ya mazishi. Alitaka aingie kwenye chumba kile, aseme, na amshinde mtu.

Melania alifika na vumbi la barabara kwenye viatu, begi amelibeba kifuani kama mtoto mchanga. Aliwaamkia wote kwa pamoja, kisha mmoja mmoja. Thobias alimsalimia kwa Kiha, akamwuliza kwao asili ni wapi, naye akajibu kwa Kiha hicho hicho kwamba hajui vizuri, pengine upande wa Kasulu. Thobias akajutia swali lake, akamsogezea kikombe. Benchi zima lilijibana ili apate nafasi katikati.

Kisha wote watatu walimwelezea watakayosema. Kwenye dagaa alicheka kweli. Arusha aliisikiliza kwa adabu. Bonifasi alingoja wamalize, halafu akampangia yake kwa utaratibu, sauti ya chini, na msichana akamgeukia akamsikiliza bila kupepesa.

— Baba, yote hayo ni kweli, alisema alipomaliza. Sikujua kama sheria inatujua kiasi hicho. Nashukuru.

Lakini alikuwa anakizungusha kikombe mikononi bila kunywa. Bi Mwamini ndiye aliyeona.

— Sema, mwanangu. Hawa hawali watu.

Melania alisema kwamba mwaka jana, yeye na Martini walipotenganishwa, kulikuwa na kikao kama hiki, na alikwenda na mwalimu wake.

— Mwalimu aliongea vizuri sana. Alisema haki za mtoto, akasema sisi ni taifa la kesho, wakampigia makofi. Halafu muda ukaisha. Mimi nilitaka kusema Martini anaogopa radi. Radi zikianza kupiga ziwani huwa anakuja kitandani kwangu, sasa wamempeleka bweni la ng'ambo ya uwanja. Hakuna mtu anayelijua hilo ila mimi. Na sikulisema.

Aliweka kikombe chini.

— Nikienda peke yangu, wananiambia nisubiri nje, wataniita. Nikiwa na mtu mzima napewa kiti. Nahitaji mtu wa kunipatia kiti, ila sitaki anisemee. Nani kati yenu anaweza kuja akanyamaza?

Benchi lile lilikuwa limejibu maswali ya vita vya Kongo, bei ya mafuta na kwa nini mwezi una madoa. Sasa Redio alitazama viatu vyake. Waziri alitazama ziwa. Bi Mwamini aliacha kuchochea mkaa, akawaangalia mmoja mmoja kama mtu aliyelipa kiingilio.

— Kunyamaza kabisa? aliuliza Wakili.

— Kabisa, kaka Haruna.

— Hata kusafisha koo?

— Koo unaweza. Mara moja.

Redio, ambaye hakuwa na matumaini yoyote juu yake mwenyewe, alijitolea kuwa mwenyekiti wa majaribio. Alisimama, akaweka mikono nyuma, akatangaza kikao kimefunguliwa, na kwamba kwa maoni yake wasichana wa makao hawahitaji kidato cha nne wakati kuna cherehani. Wakili alikuwa amesimama na kusema napinga kabla cherehani haijatajwa. Akaondolewa. Waziri alifika mbali zaidi. Hakutoa neno hata moja. Ila alitikisa kichwa, akapumua kwa nguvu, akajipiga paja, akainua macho mbinguni, hadi Melania akasema kwamba kwa hali hiyo chumba kizima kitamtazama yeye.

Akabaki Mpima, na wote waliamini kazi imekwisha. Aliketi wima, mikono magotini. Mwenyekiti akalitukana benchi, akaitukana shule, akamtukana hata aliyetengeneza mitaala, na Bonifasi hakubadilika uso. Redio akaishiwa. Kwa kukosa cha kusema, akatangaza kwamba isitoshe, kwa mujibu wa sheria mtoto hana sauti mpaka atimize miaka kumi na minane.

— Hakuna kifungu kama hicho, alisema Bonifasi.

Walicheka mpaka mwenye duka la pili akatoka kuangalia. Bonifasi alisikia masikio yanamwaka. Alikuwa amesema kabla hajajua kwamba anasema. Kosa lilipita mbele yake naye akalidaka, kama alivyodaka makosa ya vipimo maisha yake yote. Melania naye alicheka, ila kicheko chake kilikwisha mapema kuliko cha wengine. Alhamisi ilikuwa keshokutwa, na hakuna mtu.

— Mama Honorata alikuwa anaweza, alisema.

Ilichukua muda Bonifasi aelewe kwamba anayetajwa ni mke wake.

— Alikuwa anakuja kwenye vikao?

— Vyote, Baba. Mtoto yeyote akiitwa, yeye anakwenda naye. Alikuwa anakaa pembeni yako, hasemi kitu. Lakini akiwepo, wanangoja umalize. Mwaka jana alikuwa hospitali, ndiyo maana nilikwenda na mwalimu.

Wakili aliuliza aliwezaje, na safari hii aliuliza kwa heshima ya mtu anayetaka kujifunza.

— Alikuwa anaweka kashata mdomoni kikao kikianza. Alituambia, wanangu, mimi nina mdomo kuliko nyie wote, bila hiki nitawaharibia.

Bi Mwamini aliweka koleo chini. Kumbe, alisema. Alisema kuna asubuhi Honorata alikuwa akipita kununua kashata moja tu, na kila mara aliomba ile ngumu, iliyoungua kidogo pembeni, naye siku zote alidhani anampelekea mtoto. Alifunua kitambaa, akazigeuza kashata zake moja baada ya nyingine, akachagua, akaifunga kwenye karatasi. Hakuwauliza wengine. Aliiweka mkononi mwa Bonifasi.

— Hii ndiyo ngumu, alisema.

Hakuna aliyepinga, hata Wakili.

Alhamisi Wakili aliwapandisha mlimani kwa bajaji. Alikuwa ameapa kunyamaza njia nzima kwa ajili ya kuwaunga mkono, na alifanikiwa mpaka kona ya kwanza. Kwenye chumba cha kikao kulikuwa na viti vya plastiki, meza yenye kitambaa, na dirisha lililoonyesha ziwa bila mtumbwi hata mmoja. Bonifasi alipoingia, watu walisimama. Walimpa pole tena ya Honorata, na walimpa kwa moyo. Alimwona mpishi mlangoni akijifuta macho na kanga. Wakamletea kiti, halafu cha Melania kando yake. Afisa ustawi, Bi Catherine, mama wa makamo mwenye miwani, akafungua kikao. Bonifasi akaweka kashata mdomoni.

Mkuu wa makao alieleza. Vitanda vya wadogo havitoshi, paa lao linavuja, mvua zinakuja. Yote yalikuwa kweli, na aliyasema kama mtu ambaye hayo yanamkosesha usingizi. Kisha akasema wasichana walishirikishwa katika uamuzi huo. Hilo halikuwa kweli. Karanga ilivunjika kati ya meno ya Bonifasi. Bi Catherine alimgeukia, kama watu wanavyomgeukia mwanamume mwenye mvi wakati kunahitajika jibu. Bonifasi alimgeukia Melania. Ikabidi Bi Catherine naye amgeukie.

Melania alianza kwa kuwashukuru kwa miaka yote, na ilikuwa wazi kwamba hakufundishwa kusema hivyo. Alisema paa la wadogo linavuja kweli, na yeye mwenyewe amewahi kuweka ndoo. Alisema akihama mwezi wa nane atafanya mtihani na walimu wasiomjua, na hapa mwalimu wa hesabu anajua anakwama wapi. Akaeleza habari ya radi. Halafu akanyamaza.

Alinyamaza muda mrefu. Mkuu wa makao alikohoa. Nje, watoto walikuwa wanafukuzana uwanjani. Bonifasi alisikia hoja zake zote zinapanda kooni, zimepangwa vizuri, zinangoja tu mdomo ufunguke: ingetosha sentensi moja, na ingekuwa sentensi nzuri. Sukari iliyoungua ilikuwa chungu ulimini. Alikaa nayo.

— Halafu kuna hili, alisema Melania. Mama yetu alipofariki Martini alikuwa mdogo sana, hamkumbuki. Mimi namkumbuka. Akitaka kujua Mama alikuwa anachekaje, au alikuwa anaimba nini akipika, ananiuliza mimi. Kila siku anauliza, hata yale niliyomwambia jana. Nikiondoka, atamwuliza nani?

Bi Catherine alivua miwani. Mkuu wa makao alifungua mdomo, akaangalia meza. 

Katika ukimya huo Bonifasi alielewa jambo kuhusu nyumba yake mwenyewe. Kulikuwa na siku Honorata alirudi kutoka kazini akiongea tangu anavua viatu. Aliongea akichambua mchele, akaongea wakila, akaongea akiosha vyombo: mtoto fulani alivyosimama, viatu vyake vilivyombana, alivyoanza kusema akasita, na alivyosema baada ya kusita. Yeye alikuwa akikaa kwenye kiti chake cha jikoni akiitikia ehe, ehe, na kudhani kwamba mkewe ni mtu aliyejaliwa furaha. Kumbe alikuwa amebeba maneno hayo mchana kutwa bila kumwaga hata moja, na nyumbani ndiko alikoyatua. Palihitajika mtu wa kuyapokea, na mtu huyo alikuwa yeye. Bonifasi alishukuru, pale pale kwenye kiti cha plastiki, kwamba jioni zile alikuwepo.

Uamuzi haukuwa wa kila kitu. Wasichana wa kidato cha nne hawatahamishwa mpaka wamalize mtihani. Paa la wadogo litashughulikiwa kiangazi hiki hiki. Kuhusu ndugu kutenganishwa, Bi Catherine alisema hawezi kuamua leo, kwa kuwa kuna mtu hajaulizwa, naye ni Martini. Aitwe kwenye kikao kijacho, aje na mtu wake. Baada ya Novemba itakuwaje, hakuna aliyesema, na Melania aliuliza, na iliandikwa kwamba ameuliza.

Getini Melania alimshika Bonifasi mkono kwa mikono yake miwili, akapiga goti kidogo.

— Asante, Baba.

Bonifasi alitaka kumwambia kwamba ni yeye anayeshukuru. Alitikisa kichwa tu. Alikuwa bado na kashata mdomoni.

Wakili hakuuliza kitu njia nzima ya kuteremka. Benchini walisogea. Bonifasi aliketi, akapokea kikombe, akanywa, akakiweka chini, na akaanza. Alianzia kwenye viti. Alisema kitambaa cha meza kilikuwa cha rangi gani, na mpishi alisimama wapi. Alisema jinsi Melania alivyolitaja paa kwanza, la watoto wanaotaka bweni lake, kabla hajataja shida yake mwenyewe. Redio alifungua mdomo mara moja, na Waziri akamwekea mkono kwenye goti. Bonifasi akaendelea. Alipofika kwenye swali la Martini alisimama kidogo, na wao wakangoja. Aliwaambia kwamba mtoto mwenyewe alikuwa uwanjani wakitoka, na alipoulizwa angependa nani akae naye kwenye kikao, alinyoosha kidole getini, akasema yule mwenye bajaji.

— Mimi? alisema Wakili.

Walimngoja aongeze. Hakuongeza.

Kisha Bonifasi akawaambia habari za Honorata, jina ambalo hakuwahi kulitamka benchini pale tangu alipoletwa. Aliwaambia alivyokuwa akivua viatu akiongea, alivyokuwa akiusahau mchele mpaka ukaungua kwa sababu ya mtoto wa watu, alivyocheka. Jua lilikuwa limeteremka upande wa Kongo na wavuvi wawili waliokuwa wanapita walisimama kusikiliza. Bi Mwamini aliinua dele amwongezee, akalikuta tupu. Alilirudisha taratibu juu ya jiko, kama lenye kahawa, akakaa.